Subaru yenye turbo: mashauri ambayo wenye gari wanapeana, na sababu zake

Ukiwa Goma, Bukavu, Butembo ao Bunia, unaweza kuijua Subaru mbele hata ya kuiona. Moteri yake hailii kama ya Toyota. Inadunda kwa sauti nzito, na vijana wanageuza kichwa. Impreza na Forester zenye turbo zinapendwa juu ya nguvu yake kwenye mlima, na juu ya namna zinavyoshika barabara wakati wa matope. Lakini ziko na jina baya pia. Wengi wanaziogopa wakisema ni gari za kula pesa.

Wenye nazo wamezoea kusaidiana. Mtu akinunua Subaru leo, kesho mwenzake mwenye gari kama hiyo atamsimamisha kwenye parking ao garaje na kumpa mashauri: angalia mafuta, usizime moteri mbio mbio, usichanganye mipira. Mashauri mengi ni ya kweli. Mengine yanaharibu gari. Shida ni kwamba yote yanapita mdomo kwa mdomo bila sababu yake, na mtu asiyejua sababu hawezi kutofautisha shauri la kuokoa moteri na shauri la kuiua. Kwa familia ambayo iliweka akiba ya miaka ndani ya gari moja, hilo si jambo dogo.

Haya ndiyo mashauri yanayosikika zaidi, na maelezo ya kila moja.

Gari ya mbio, lakini iliyokwisha kutembea

Subaru inatengenezwa Japani. Impreza ilianza kuuzwa mwaka wa 1992, na Forester mwaka wa 1997. Jina kubwa la Impreza lilitoka kwenye mashindano ya rally. Colin McRae, dereva kutoka Scotland, alikuwa bingwa wa dunia na Impreza mwaka wa 1995, kisha mwaka wa 1997 akashinda Safari Rally kule Kenya. Richard Burns naye alishinda Safari na Impreza mwaka wa 2000. Safari Rally ni barabara za vumbi, mawe na matope, zinazofanana na zetu. Ndiyo maana watu wengi wanaamini kwamba hii gari inaweza kila kitu.

Kitu ambacho wanasahau ni kwamba gari ya rally iko na kikundi cha mafundi wanaoingia chini yake kila mara. Ile inayofika kwetu ilitembea kwanza miaka mingi Japani, ikashuka na meli Mombasa ao Dar es Salaam, kisha ikapita Uganda, Rwanda ao Tanzania. Mara nyingi inafika bila daftari lolote la kuonyesha nini kilibadilishwa na lini.

Tena, moteri yake iko tofauti. Kwenye gari nyingi pistoni zinasimama wima. Kwenye Subaru zinalala ubavu, mbili kushoto na mbili kulia, na zinakwenda kama ngumi za mabondia wawili. Ndiyo maana inaitwa moteri ya boksa. Uzito unakaa chini, na gari inatulia kwenye kona. Lakini bujie ziko pembeni, karibu sana na chasi, na kuzifikia ni kazi. Fundi mvivu anasema amezibadilisha kumbe hakuzigusa. Mwenye gari anayejua anaomba apewe bujie za zamani mkononi.

Mafuta ya moteri: shauri la kwanza, na la kweli

Kila mwenye Subaru anaanza hapa: fungua kapo, toa kijiti, angalia mafuta, kila wiki na mbele ya kila safari. Watu wa gari zingine wanacheka. Wao wanangoja vidanje tu.

Sababu ni hii. Moteri ya EJ20, ambayo iko ndani ya Impreza na Forester nyingi za turbo, inabeba mafuta karibu litre 4 hadi 4 na nusu. Ikizeeka, inakula mafuta kidogo kidogo bila kutoa moshi wa kuonekana. Litre moja na nusu ikikosa, gari bado inatembea vizuri mjini. Siku unapanda mlima ao unakata kona kwa nguvu, mafuta yanakimbilia upande mmoja na pompe inavuta hewa. Sekunde chache zinatosha kukwangua kusine, zile bakuli za chuma laini zinazoshika mikono ya pistoni. Kisha unasikia ko-ko-ko kutoka chini ya moteri. Ukisikia hivyo, zima palepale. Kila mita unayoongeza inaharibu chuma zaidi.

Usingoje taa nyekundu ya mafuta. Ile taa haipimi kama mafuta yamepungua. Inapima presha, na inawaka wakati presha imekwisha kuanguka. Kupima, simamisha gari mahali pa sawasawa, zima moteri, ngoja dakika chache. Kijiti cha Subaru mara nyingi kinaonyesha upande mmoja juu kuliko upande mwingine: amini upande wa chini.

Kuhusu vidanje, wenye turbo wanashauriana kila kilomita 5 000, na mbele ya hapo kwa gari inayokula vumbi kila siku. Kusukuma hadi kilomita 10 000 juu mafuta bado yanaonekana mazuri ni kucheza na turbo.

Kwa nini usizime moteri mbio mbio

Turbo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa moteri ili kusukuma hewa nyingi ndani. Mti wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100 000 kwa dakika moja, na unaelea juu ya tabaka nyembamba ya mafuta. 

Ukimaliza kupanda mlima na kuzima moteri palepale, mafuta yanaacha kupita wakati turbo ingali moto sana. Mafuta yaliyobaki ndani yanaungua na kuwa masizi magumu, kama mafuta ya mawese yaliyosahaulika kwenye sufuria. Masizi yanaziba njia. Siku za baadaye turbo inaanza kulia kama filimbi, ao moshi wa bluu unatoka nyuma.

Dawa ni rahisi: kilomita ya mwisho tembea polepole, kisha acha moteri izunguke dakika moja hivi mbele ya kuizima. Asubuhi vilevile, usikanyage kwa nguvu mbele moteri haijapata joto.

Vijana wanapenda kuweka ile kifaa inayotoa hewa nje kwa sauti ya “pshii” wakati wa kubadilisha vitesi. Kwenye Impreza nyingi, kompyuta imekwisha kupima ile hewa na kuihesabia esanse yake. Ukiitupa nje, esanse inazidi, moteri inakohoa, na bujie zinakuwa nyeusi. Sauti ni nzuri, lakini gari haipati nguvu yoyote.

Mkanda wa distribisio: kitu kisichoonya

Moteri za EJ ziko na mkanda wa kaoutchouc unaozungusha sehemu za juu na za chini kwa wakati mmoja. Zile za kisasa za aina ya FB, zilizoanza kutoka karibu mwaka wa 2010, ziko na sheni ya chuma. Basi swali la kwanza kwa mwenye gari ni: moteri yako ni gani?

Kama ni EJ, mkanda unabadilishwa kwenye kilomita 100 000 hivi. Na hapa kuna kosa ambalo linarudi kila mara: mtu ananunua mkanda mpya lakini anaacha gale na kivutio cha mkanda vya zamani, juu ya kupunguza pesa. Gale moja ikishikwa, mkanda mpya unakatika palepale. Mafundi wazuri wanabadilisha vyote pamoja, na pompe ya maji pia, juu inazungushwa na mkanda huohuo na kuifikia ni kazi ileile.

Mkanda ukikatika kwenye moteri ya turbo, mara nyingi valve zinagonga pistoni na kupinda. Hakuna sauti ya kuonya mbele. Gari inakwenda, kisha haiendi tena. Ile pesa ya mkanda iliyookolewa inakuwa pesa ya moteri nzima.

Namna ya kujua kama ulibadilishwa Japani? Tafuta kibandiko ndani ya kapo ao pembeni ya mlango wa dereva. Garaje za kule zimezoea kuandika kilomita na tarehe. Mwaka unaweza kuwa umehesabiwa kwa kalenda ya Kijapani. Ukiona H ao Heisei, ongeza 1988: H20 ni mwaka wa 2008. Ukiona R ao Reiwa, ongeza 2018: R2 ni 2020. Kama hakuna kibandiko, hesabu kwamba mkanda haujabadilishwa, juu namba ya kilomita kwenye dashibodi inaweza kuwa imerudishwa nyuma.

Joto: pale mashauri mabaya ni mengi

Hapa ndipo Subaru nyingi zinakufa. Moteri ya EJ25 isiyo na turbo inajulikana dunia nzima kwa shida ya jointi ya kulasi, ile inayokaa kati ya bloki na kichwa cha moteri. Lakini hata moteri nzuri itaichoma jointi hiyo ikipata joto kali mara moja ao mbili.

Dalili ni hizi: maji yanapungua na hauoni yanapotoka, mapovu yanapanda ndani ya chupa ya akiba ya maji, mshale wa joto unapanda mlimani na kushuka kwenye tambarare, moshi mweupe usioisha hata moteri ikiwa na joto. Ukiona moja ya hizo, gari isimame mpaka ipimwe.

Shauri baya la kwanza: “toa termostati, gari itapoa.” Termostati ni mlango unaofunguka wakati maji yanapata joto linalofaa. Ukiitoa, moteri haipati joto lake, inakula esanse zaidi, na mafuta hayachomi unyevu wake. Juu ya yote, unaficha ugonjwa wenyewe: radiatere iliyoziba, feni isiyozunguka, ao jointi iliyoanza kufa.

Shauri baya la pili: kuweka maji ya kisima tu. Maji matupu yanaleta kutu, na kutu inaziba vitundu vidogo vya radiatere. Yule anayekosa kabisa maji ya radiatere anaweza kutumia maji safi kufika nyumbani, lakini asiyaache humo miezi.

Kuna kitu kingine kinachohusu milima yetu. Goma na Bukavu ziko karibu mita 1 500 juu ya bahari, na Butembo iko juu zaidi. Kwa urefu huo, maji ndani ya sufuria yanachemka kwenye digri karibu 95, siyo 100. Kitu kinachozuia maji ya gari yasichemke mapema ni mfuniko wa radiatere, juu unashikilia presha ndani. Mfuniko ukichoka, maji yanachemka na kukimbilia nje, na fundi anaweza kufungua moteri bure. Mfuniko ni pyesi ya bei ndogo. Ianze kubadilishwa hiyo.

Na baada ya kuweka maji mapya, lazima hewa itolewe. Moteri inayolala inashika mapovu. Weka pua ya gari juu kidogo, fungua ile skurubu ndogo ya hewa juu ya radiatere, washa hita ndani ya gari, na jaza polepole. Watu wengi wameambiwa jointi imekufa kumbe ilikuwa hewa tu. Lakini usifungue kamwe mfuniko wakati moteri ingali moto: yale maji yanaruka usoni.

Kama jointi imekufa kweli, kichwa cha moteri kipelekwe kwenye mashine kisawazishwe, na bolti zifungwe kwa ufunguo wa kupima nguvu, kwa hatua na kwa mpangilio ulioandikwa. Kufunga kwa kukisia mkono ni kurudi garaje kisha miezi miwili.

Mipira minne ni kitu kimoja

Nguvu ya Subaru inakwenda kwa magurudumu yote manne kila wakati. Mpira mmoja ukiwa mpya na mitatu imelika, mpya ni mkubwa kidogo, na unazunguka mara chache kuliko wenzake. Sehemu ya katikati ya sanduku la vitesi inafikiri kwamba gurudumu fulani linateleza, na inafanya kazi bila kupumzika mpaka inaungua.

Subaru inaomba mzunguko wa mipira usipitane zaidi ya milimita 6 hivi. Hiyo ni sawa na milimita 1 tu ya meno ya mpira. Basi nunua minne ya aina moja, na ibadilishane nafasi. Ukisikia gari inajivuta ao inaruka-ruka kidogo unapokata kona kali polepole, ile sehemu imeanza kuchoka.

Wengine wanashauri kutoa kardani ya nyuma ili gari ile esanse kidogo. Kwa gari ya vitesi vya mkono, hiyo ni kuiacha ile sehemu ya katikati ibebe kazi yote peke yake. Itaungua. Na kama gari imekufa njiani, isivutwe magurudumu mawili yakiwa juu na mawili chini. Ipakiwe yote juu ya lori, ao yote manne yawe chini.

Esanse ya chupa

Impreza WRX na STI za Japani zilipangwa kutumia esanse ya daraja la juu. Hapa kwetu wengi wananunua kwa Kadhafi, ndani ya chupa na bidoni pembeni ya barabara, na esanse hiyo inaweza kuwa imeingia maji ao petrole. Esanse dhaifu inawaka mbele ya wakati wake ndani ya moteri ya turbo. Unasikia kama mtu anatikisa misumari ndani ya kopo wakati unapanda mlima. Kila pigo linaumiza pistoni.

Ukisikia hivyo, punguza mguu na shusha vitesi. Usisukume. Kununua kwenye pompe ya kituo ni bora kila inapowezekana. Kama hakuna, chuja esanse, na usiitumie turbo kwa nguvu mpaka ile esanse iishe.

Freni kwenye escarpement

Mashauri mengi ya wenye Subaru ni ya kwenda mbio. Yale ya kusimama yanasemwa kidogo, na ndiyo yanayohusu maisha ya watu. Kwenye Kabasha, kwenye barabara ya Butembo, ao Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, gari inashuka muda mrefu. Ukishika freni bila kuachilia, plakete zinapata moto, na maji ya freni yanachemka. Mvuke unaingia kwenye mirija, na pedali inakwenda mpaka chini bila gari kusimama.

Maji ya freni yanavuta unyevu wa hewa kidogo kidogo, na yakiwa na unyevu yanachemka mapema. Yabadilishwe kila miaka miwili, hata kama rangi yake bado nzuri. Shuka mlima na vitesi vilevile ungetumia kuupanda, gusa freni kwa nguvu kidogo kisha achilia. Wenye otomatiki nao washushe kijiti. Wasiache gari kwenye D.

Mbele ya kununua pyesi

Pyesi nyingi zinatoka Kampala, kwenye soko la Kisekka, ao Nairobi. Pyesi ya Forester ya SF5, ile ya kwanza, siyo lazima iingie kwenye SG5 iliyofuata, hata kama zinafanana machoni. Namba ya chasi na aina ya moteri ziko kwenye kibati ndani ya kapo. Piga picha na umtumie mnunuzi, usimwambie tu “Subaru ya turbo.”

Mwisho, mtu akikupa shauri kuhusu gari yako, muulize swali moja: kwa nini? Anayejua atakueleza kwa maneno mafupi. Asiyejua atakuambia kwamba ndivyo kila mtu anafanya. Na wewe ukimshauri mwenzako kesho, mpe shauri pamoja na sababu yake, ili naye akifika kwa fundi aweze kukataa kazi mbaya.